Oili ya sintetiki au oili ya bei nafuu kwa gari jipya: soma nyuma ya dumu

Mtu anayenunua gari jipya, au gari lililotumika Japani ambalo kwake ndilo jipya, hukutana na swali la oili kabla hata hajauzoea usukani. Fundi wa kwanza humwambia aweke sintetiki tupu ya kampuni kubwa na asijaribu kitu kingine. Wa pili humwambia kwamba nchi yetu ina joto, kwa hiyo oili nyepesi itamwulia injini, na aweke 20W-50. Muuzaji wa vipuri naye humshushia kutoka rafuni dumu la jina asilolifahamu, lenye bei ya karibu nusu, na kumhakikishia kwamba oili zote ni zile zile. Wote watatu husema kwa kujiamini, na kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Tatizo ni kwamba wanazungumzia mambo tofauti bila kujua: mmoja anazungumzia asili ya mafuta, mwingine uzito wake, yaani jinsi yanavyotiririka kwa wepesi au kwa taabu, na mwingine jina la anayeyauza. Ipo sifa ya nne ambayo hakuna aliyeitaja, nayo ni kiwango cha ubora, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa kabla ya jina na kabla ya neno sintetiki.

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo ubishi wa gereji ulipo mkali. Namba kama 0W-20, 5W-30 na 20W-50 zinatokana na kanuni ya Jumuiya ya Wahandisi wa Magari ya Marekani, SAE. Namba iliyo kabla ya herufi W hueleza jinsi oili inavyoweza kusogea kwenye baridi kali: ya 0W hujaribiwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili hueleza uzito wake ikiwa imepata moto wa nyuzi 100, ambao ni karibu na joto la injini inayofanya kazi. Katika joto hilo, oili ya daraja la 20 inatakiwa kuwa na mnato, yaani uzito huo ukipimwa, wa kati ya sentistoki 6.9 na 9.3, ilhali ya daraja la 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Kwa maneno mengine, anayeondoa oili ya 0W-20 na kuweka 20W-50 ameweka kitu chenye uzito wa karibu mara mbili au zaidi hata injini ikiwa imeshapata moto, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi asubuhi injini ikiwa imelala.

Hoja ya joto la nchi inasikika kuwa na mantiki, lakini inasahau kifaa kimoja kidogo, nacho ni thamostati, valvu inayofunguka na kufunga njia ya maji kulingana na joto lake. Maji ya kupoza injini ya petroli iliyo nzima huzunguka karibu na nyuzi 80 hadi 95, liwe gari liko Tanga mwezi wa pili au Njombe mwezi wa saba, kwa sababu thamostati na feni ya rejeta ndizo zinazoamua joto hilo. Joto la nje huongeza kazi ya rejeta, na kwenye foleni ndefu oili hupata moto zaidi ya kawaida, lakini halifanyi injini iliyosanifiwa kwa oili ya 20 igeuke kuwa injini ya oili ya 50. Kinyume chake, saa kumi na mbili asubuhi kwenye nyuzi 25 za Dar es Salaam, kila oili iliyoko sokoni ni nzito kuliko injini inavyohitaji. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha ni wakati ambao vyuma husuguana zaidi, na oili nyepesi ndiyo inayowahi kufika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu.

Injini za siku hizi zina sababu nyingine ya kutaka oili nyepesi. Mifumo ya kubadili muda wa valvu, kama VVT-i ya Toyota, huendeshwa na shinikizo la oili yenyewe, inayopita kwenye vijia vyembamba na vichujio vidogo kabla ya kusukuma gia ya kamshafti. Oili nzito, hasa ikiwa imechakaa na kubeba tope, huchelewesha kazi hiyo. Kwenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kama Aqua, Prius na Fit jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa injini huzima na kuwaka mara nyingi kwenye safari moja, na kwenye safari fupi za mjini huenda isifikie joto lake kamili.

Hata hivyo fundi wa 20W-50 hajakosea kwa kila kitu. Vitabu vya Toyota vinavyotaja 0W-20 kuwa chaguo la kwanza, pia vinakiri kwamba oili yenye namba ya pili kubwa zaidi inaweza kufaa pale gari linapokwenda kwa mwendo mkali au kubeba mzigo mzito. Vingi vinaruhusu 5W-30. Mtu anayepanda mlima wa Kitonga kila wiki akiwa na abiria na mizigo, au anayepandisha kutoka Mai Mahiu kwenda Nairobi gari likiwa limejaa, ana sababu halali ya kupanda hadi 5W-30 kama kitabu chake kinaitaja. Hiyo ni hatua moja, na imo ndani ya mipaka aliyoiweka mhandisi wa injini hiyo. Kuruka hadi 50 ni kubuni injini upya bila kuifungua.

Wengi hulalamika kwamba kitabu cha gari la kutoka Japani kimeandikwa Kijapani. Ni kweli, lakini namba hazijaandikwa Kijapani. Fungua kurasa za mwisho na utaona jedwali lenye 0W-20 na 5W-30, pamoja na ujazo wake kwa lita. Fungua boneti pia na usome juu ya kifuniko cha kumiminia oili, kwani magari mengi yamepigwa chapa ya uzito hapo hapo. Fungua mlango wa dereva, na mara nyingi utakuta kwenye nguzo stika ndogo ya gereji ya Japani yenye tarehe na kilomita za siku oili ilipobadilishwa mara ya mwisho, na wakati mwingine aina ya oili iliyowekwa. Ni ushahidi mdogo wa jinsi gari lilivyotunzwa, na wauzaji wengi huubandua wakati wa kuosha gari bila kujua thamani yake.

Sasa kiwango cha ubora. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hutoa madaraja yanayoandikwa kwa herufi mbili. Kwa injini za petroli huanza na S, na herufi ya pili husogea mbele kadiri viwango vinavyokazwa: SJ, SL, SM, SN, kisha SP iliyoanza kupewa leseni mwezi Mei 2020, na SQ iliyoanza Machi 2025. Kwa dizeli herufi ya kwanza ni C. Daraja jipya la petroli kwa kawaida hufanya kazi ya yale yaliyotangulia, lakini la zamani haliwezi kufanya kazi ya jipya. API yenyewe inaeleza kwamba oili ya SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na ya SG haifai kwa nyingi zilizotengenezwa baada ya 1993. Hata hivyo madumu yenye SF/CD na SG/CD bado yamepangwa kwenye maduka yetu, yakiwa na picha ya gari la kisasa upande wa mbele. Mnunuzi anaangalia picha, ilhali habari yenyewe imo nyuma, kwa herufi ndogo.

Tofauti kati ya daraja la zamani na la sasa si ya karatasi tu. Zamani kidogo watengenezaji walianza kutoa injini ndogo za petroli zenye turbo, zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na wakakutana na ugonjwa usiokuwa na historia ndefu: mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake gari likiwa kwenye mzunguko mdogo na dereva amekanyaga mafuta, kwa nguvu ya kuvunja pistoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba oili yenyewe ilichangia, na hasa kemikali za kusafishia zenye kalsiamu nyingi. Wachanganyaji wakapunguza kalsiamu na kuweka magnesiamu mahali pake, na jaribio la tatizo hilo likaingizwa kwenye nyongeza ya SN Plus mwaka 2018, kisha kwenye SP, ambayo pia inapima kuchakaa kwa cheni ya taimingi. Mwenye Golf ya TSI au Forester ya turbo akiweka oili ya SG ya sintetiki, kama ingekuwepo, angekuwa na hatari kubwa kuliko mwenzake aliyeweka SP ya bei nafuu. Ndiyo maana nasema kiwango kitangulie.

Baada ya hapo tunaweza kulizungumzia neno sintetiki bila kutishika. Oili yoyote ina sehemu mbili: mafuta ya msingi, ambayo ni sehemu kubwa ya dumu, na viongezi vya kemikali vinavyosafisha, kuzuia kutu, kuzuia povu na kulinda vyuma vinavyogusana. Mafuta ya msingi hugawanywa katika makundi matano. La kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa viwango tofauti. La tatu pia huanzia kwenye mafuta ghafi, lakini hupikwa kwa hidrojeni chini ya shinikizo kubwa mpaka molekuli zake zinapangwa upya, na mnato wake hauyumbi sana joto linapobadilika. La nne ni molekuli zilizojengwa kiwandani kutoka kwenye gesi, na la tano ni mengineyo, zikiwemo esta. Awali watu wa tasnia walikubaliana kuita sintetiki kundi la nne na la tano. Mwaka 1999 Mobil iliilalamikia Castrol huko Marekani kwa kuuza mafuta ya kundi la tatu kwa jina hilo, na kitengo cha usuluhishi wa matangazo kikaamua kwamba Castrol ina haki. Tangu hapo madumu mengi yenye maandishi ya sintetiki tupu yana kundi la tatu ndani yake.

Msomaji asilichukue hilo kuwa ulaghai. Kundi la tatu la siku hizi ni mafuta mazuri sana, na mengine, kama yanayotengenezwa kwa gesi asilia kwenye kiwanda cha Pearl huko Ras Laffan, Qatar, yanakaribia kundi la nne kwa usafi. Maana yake ni kwamba neno hilo peke yake halikwambii unalipia nini. Nusu sintetiki hukwambia machache zaidi, kwani hakuna kiasi cha chini kinachokubalika kila mahali. Inaweza kuwa nusu kweli, na inaweza kuwa sehemu ndogo tu.

Hapa kuna jambo linalorahisisha uamuzi. Mafuta ya kundi la kwanza na la pili hayawezi kwa urahisi kutimiza masharti ya 0W-20, kwa kuwa yakifanywa mepesi vya kutosha kwa baridi, huvukiza kupita kiasi injini inapopata moto. Kwa hiyo oili halisi ya 0W-20 yenye daraja la SN au SP karibu yote ni sintetiki kwa maana ya kundi la tatu kwenda juu, iwe imeandikwa kwa herufi kubwa au la. Gari lako likitaka 0W-20, swali la sintetiki limekwisha kujibiwa na uzito, na kinachobaki ni nani wa kukuuzia. Likitaka 5W-30 au 10W-30 ndipo una uchaguzi wa kweli kati ya sintetiki, mchanganyiko na oili ya madini.

Kuhusu oili ya jina la duka, mfano ulio wazi uko Marekani, ambako Walmart huuza SuperTech na Costco huuza Kirkland Signature kwa bei ya chini sana kuliko majina makubwa. Maduka hayo hayana mitambo ya kusafishia mafuta. Huagiza kwa wachanganyaji. Viongezi vya dunia nzima kwa sehemu kubwa hutoka kwa kampuni nne, Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite, ambazo huuza mchanganyiko uliokwisha kufaulu majaribio ya API kwa yeyote anayeununua. Mchanganyaji mdogo akifuata kipimo hicho na mafuta ya msingi yaliyotajwa, oili yake hufikia kiwango kile kile. API nayo hununua madumu madukani bila kutoa taarifa na kuyapeleka maabara. Sheria ya dhamana ya mwaka 1975 huko inamkataza mtengenezaji wa gari kumlazimisha mteja anunue chapa fulani ili dhamana iendelee, isipokuwa kama anampa bidhaa hiyo bure au amepata ruhusa maalumu. Mswahili anayeishi Minneapolis au Houston na ana gari lililotoka kiwandani anaweza kuweka oili ya Costco yenye kiwango kilichotajwa kwenye kitabu, akatunza risiti, na asiogope.

Lakini hata huko, jina la duka si dhamana. Dollar General iliuza oili zenye jina lake ambazo ziliandikwa kwa herufi ndogo nyuma kwamba hazifai injini zilizotengenezwa baada ya 1988, huku zikiwa zimepangwa rafuni pamoja na oili za kisasa. Wateja walifungua kesi katika majimbo mbalimbali, zikaunganishwa, na kampuni ikaishia kukubali kulipa fidia bila ya kesi kufika mwisho. Kilichowatofautisha wateja hao na wale wa Costco hakikuwa bei wala jina, bali mstari mmoja wa maandishi.

Kwetu sisi mfano unaolingana na oili ya duka ni oili ya jina la sheli, ile inayochanganywa au kuagizwa na kampuni ya mafuta yenyewe, pamoja na majina mapya kutoka Dubai na Sharjah. Oili ya sheli yenye SN au SP na uzito unaotakiwa naiamini, na ningeiweka kwenye gari la familia yangu. Majina mapya kutoka Ghuba yanatofautiana mno. Mengine ni mazuri, mengine yana alama inayofanana na duara la API lakini kampuni haimo kwenye orodha ya leseni. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni, na kulitafuta jina ndani yake ni kazi ya dakika chache kwa simu.

Hatari kubwa zaidi katika Afrika Mashariki ni oili bandia, nayo inaligeuza swali zima. Wanaoghushi hawahangaiki na jina dogo. Hughushi lile linalopendwa. Dumu tupu la chapa kubwa huokotwa gereji, hujazwa oili chafu iliyochujwa au mafuta ya msingi yasiyo na viongezi, hufungwa upya na kurudi sokoni. Kwa sababu hiyo mtu anayelipa bei kubwa kwa jina kubwa kwenye kibanda asichokijua anaweza kuwa kwenye hatari kuliko anayenunua oili ya kawaida kwenye sheli au kwa wakala. Angalia kama mfuniko una pete iliyokatika, kama namba ya toleo iliyochapwa kwenye dumu inasomeka na haifutiki kwa kidole chenye petroli, na kama chapa ina namba ya kukwangua ya kuhakikisha. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wakala wa Gerezani au wa Kirinyaga Road, kuna sababu. Oili ikishamwagwa kwenye injini, toboa dumu lako kwa bisibisi kabla ya kuondoka gereji. Ni tendo dogo linalomlinda mteja usiyemjua.

Yapo magari ambayo maelezo haya hayatoshi kwao. Magari ya Ulaya hutaka idhini ya mtengenezaji yenyewe, kama VW 502 00 au 504 00, au Mercedes 229.5, na SP peke yake haitoshi. Dizeli zenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi, kama Mazda CX-5 ya dizeli inayoonekana kwa wingi barabarani, hutaka oili yenye majivu kidogo. Kwa za kutoka Japani alama ya kutafuta ni DL-1. Oili ya dizeli ya lori, hata ikiwa nzuri na ghali, huacha majivu yanayoziba chujio hilo polepole, na majivu hayo hayaungui hata gari likiendeshwa mwendo mrefu.

Muda wa kubadili ndipo bei halisi inapopatikana. Maduka yetu huuza oili kwa kilomita, ya elfu tatu, ya elfu tano, ya elfu kumi, kana kwamba kilomita zimo ndani ya dumu. Muda unaamuliwa na injini, oili na mazingira kwa pamoja. Vitabu hutaja mazingira magumu kuwa ni vumbi, safari fupi, foleni, na kuunguruma bila kutembea, yaani maisha ya kawaida ya gari la Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura. Kwa matumizi hayo nashauri kilomita 5,000 hata kwa sintetiki, na si zaidi ya miezi sita. Anayebaki kwenye 5,000 hana sababu ya kulipa mara mbili kwa oili iliyotengenezwa kwa safari ndefu za kilomita 15,000. Sintetiki ya bei ya kati au ya sheli, ikibadilishwa kwa wakati na filta mpya ya kweli, inampa injini safi zaidi kuliko oili bora iliyosahauliwa.

Wenye gari lililotoka kiwandani huambiwa pia kwamba sintetiki huzuia ringi za pistoni zisikae sawa, kwa hiyo waanze na oili ya madini. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi silinda zilipokuwa zikisuguliwa kwa ukwaruzo mkubwa. Corvette imekuwa ikitoka kiwandani na sintetiki tangu 1992, na magari mengi mapya ya leo hutoka hivyo. Baadhi ya watengenezaji huomba oili ya kwanza isimwagwe mapema, kwa sababu ina viongezi vya kipindi hicho, na hilo lifuatwe kama lilivyoandikwa. Anayenunua kwa wakala hapa kwetu asome pia masharti ya dhamana yake, kwa kuwa mengi yanataka huduma ifanyike kwa wakala huyo.

Kuchanganya chapa mbili hakuui injini. Oili zenye leseni ya API hupimwa kama zinaweza kuchanganyika, kwa hiyo ukipungukiwa safarini ongeza yenye uzito na daraja lile lile, hata kama jina ni jingine. Kinachoumiza zaidi ni kiasi. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi za lita 1.5 huchukua lita 3.7 pamoja na filta, lakini dumu linalouzwa ni la lita nne, na mafundi wengi hulimimina lote. Oili iliyozidi inaweza kupigwa na krenki ikatoa povu, na povu halishiki shinikizo. Mwambie fundi aishie lita tatu na nusu, awashe injini dakika mbili, azime, asubiri oili ishuke, kisha apime kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare na aongeze kidogo kidogo mpaka alama ya juu. Kinachobaki kwenye dumu ni chako, kiweke nyuma ya gari kwa ajili ya kuongezea.